Jubayl, Bandari ya Mierezi: Maelezo kwa Atakaye Kuizuru

Mtu atiaye nia ya kuzuru miji ya kale iliyo katika mwambao wa Bahari ya Mediterania hujiandaa, aghalabu, kwa nauli, na nyumba ya kulala, na kuchagua majira yasiyo na jua kali wala mvua nyingi. Hayo yote ni ya lazima, walakini liko andalio moja lipitalo hayo, nalo ni kuijua tarikhi ya mahali kabla ya kufika. Magofu hayana ulimi, na mgeni asiyejua zama zake hutazama jiwe la miaka elfu nne na jiwe la miaka mia tisa kana kwamba yametiwa mkono na fundi mmoja. Mji unaoyathibitisha haya kuliko mingi ni Jubayl wa nchi ya Lebanon, ulio yapata kilomita 40 kaskazini ya Beirut, ambao Wafoinike waliuita Gebal na Wayunani wakauita Byblos.

Mji huu ni mdogo, na bandari yake ni ndogo zaidi, lakini watu wamekaa juu ya kilima chake tangu zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, kwanza wavuvi wa vibanda, kisha wafanyi biashara wenye kuta na mahekalu. Sababu za neema yake zilikuwa mbili: chemchemi ya maji matamu iliyo katikati ya kilima, na milima iliyo nyuma yake, iliyojaa mierezi. Misri ilikuwa na nafaka, na dhahabu, na mafundi stadi, bali haikuwa na miti mirefu ya kujengea merikebu na milango ya mahekalu. Basi kama Waarabu wa Ghuba walivyokuwa wakileta majahazi yao Lamu na Rufiji kutafuta boriti za mikoko, kwa kuwa nchi yao haikuotesha, ndivyo Mafirauni walivyozituma merikebu zao Jubayl. Kumbukumbu za Firauni Sneferu, aliyetawala yapata miaka 2,600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, zataja merikebu 40 zilizosheheni mierezi. Na chombo cha mwanawe Khufu, kilichofukuliwa mwaka 1954 kando ya piramidi kuu, chenye urefu wa mita 43 hivi, kimeundwa kwa mbao za mierezi ya Lebanon.

Biashara hiyo haikuwa ya heshima upande mmoja na utii upande wa pili. Kiko kisa kilichoandikwa juu ya mafunjo, ambacho leo kimehifadhiwa Moscow, cha Wenamun, mjumbe wa hekalu la Amoni, aliyetumwa yapata mwaka 1100 kabla ya Nabii Isa kununua mbao za jahazi takatifu la mungu wake, naye akaibiwa fedha zake njiani, katika bandari ya Dor, hata akafika Jubayl mikono mitupu. Zakar-Baal, mtawala wa mji, alimwacha pale bandarini siku 29, kila siku akimpelekea amri ya kuondoka; na alipomkubalia kuja mbele yake, alileta madaftari ya baba zake, yakasomwa hadharani, yakaonyesha kwamba Mafirauni wa kale walilipa kwa fedha taslimu, wala hawakupewa mti kwa kutaja jina la mungu. Ikambidi Wenamun atume habari kwao, na zilipowasili dhahabu, na fedha, na nguo za kitani, na ngozi 500 za ng'ombe, na kamba 500, na magunia 20 ya dengu, ndipo mtawala alipotoa watu 300 na ng'ombe 300 wakaenda mlimani kukata miti. Wapo wataalamu wanaokihesabu kisa hiki kuwa hadithi zaidi ya taarifa, walakini hata hadithi isingaliweza kubuniwa hivyo kama wasikilizaji wake hawakujua kwamba Jubayl ni mji unaoweka hesabu.

Na watu wa hesabu ni watu wa kalamu. Mwaka 1922 mvua iliporomosha genge la upande wa bahari, likafunuka kaburi la mfalme. Mwaka uliofuata Mfaransa Pierre Montet, akiendelea kuchimba, alikuta jeneza la jiwe la Mfalme Ahiramu, ambalo juu yake imechorwa, kwa herufi za Kifoinike, laana ya kumwangukia atakayelifunua. Herufi hizo ni 22 tu, na kutoka kwao Wayunani walipata zao, na Warumi wakapata kwa Wayunani, hata zikatufikia sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi.

Baadaye walipita Waashuri, na Waajemi, na Iskandari ambaye mji ulimfungulia milango, na Warumi waliojenga uwanja wa tamthilia, na Waarabu, na askari wa Msalaba walioutwaa mwaka 1104 wakajenga ngome kwa mawe na nguzo za Kirumi, mpaka Salahuddin alipowatoa mwaka 1187, nao wakarudi miaka kumi baadaye.

Hapa ndipo mgeni apaswapo kuangalia sana. Maurice Dunand, aliyechimba kilima hiki tangu miaka ya 1920 mpaka vita vya 1975 vilipomkatiza, alihamisha hekalu la nguzo zilizochongoka ili afikie hekalu la kale zaidi lililokuwa chini yake, na uwanja wa Kirumi ukajengwa upya karibu na genge, kwa kadiri ya theluthi tu ya ukubwa wake. Vitu vilivyosimama leo bega kwa bega, basi, havikuonana katika uhai wao, na vingine havipo mahali vilipozaliwa.

Kwa hiyo atakaye kwenda na aulize kwanza hali ya amani, kwani Lebanon imeonja vita mara nyingi. Kisha aanzie Beirut, katika Jumba la Taifa la Makumbusho, alione jeneza la Ahiramu. Na afikapo Jubayl asifuate njia ya macho bali njia ya zama, kutoka chemchemi hadi mahekalu, kutoka mahekalu hadi makaburi ya wafalme, na ngome aiache ya mwisho, japo ndiyo itakayomlaki mlangoni.