Makinikia ya Kahama: kosa dogo la mkaguzi linavyogeuka tani za dhahabu

Mkaguzi hawezi kupima kila gramu ya mzigo. Anachota sampuli chache, anazipima, kisha anakadiria mzigo wote. Njia hiyo inakubalika, ila ina hatari yake: kosa la kwenye sampuli nalo linazidishwa.

Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi mkoani Shinyanga, yalizuiwa Dar es Salaam yasisafirishwe nje.

Vipimo vya Wakala wa Ukaguzi wa Madini (TMAA) vilionyesha wastani wa takriban kilo 4 za dhahabu kwa kontena, jumla tani 1.2. Mei 24, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema wastani ni kilo 28, jumla tani 7.8. Kampuni ya Acacia, mmiliki wa migodi hiyo, ikapinga matokeo ya kamati.

Mzigo ni ule ule, tofauti ni zaidi ya mara sita. Angalau jibu moja halikuwa sahihi.

Makosa ni ya aina mbili

Kosa la bahati: sampuli ulizochota hazifanani sana na mzigo wote. Ukiongeza sampuli, linapungua.

Kosa la mkaguzi: kachota juu juu tu, mizani haiko sawa, maabara imesoma vibaya au namba imeandikwa kimakosa. Hili haliponi kwa kuongeza sampuli. Hata ukipima elfu moja, unabaki na jibu bovu, tena ukiliamini zaidi.

Piga hesabu

Ukikosea wastani kwa kilo 1 tu, kwa makontena 277 umekosea kilo 277 za dhahabu. Mrabaha wa Serikali nao unakosewa hapo hapo.

Kinga yake

Sampuli zichotwe juu, katikati na chini. Sehemu yake ipelekwe maabara ya pili isiyojua majibu ya kwanza. Pia zichanganywe na sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana tayari. Maabara ikizikosea hizo, majibu mengine nayo yana mashaka.

TMAA ilivunjwa, kazi zake zikaenda Tume ya Madini. Mgogoro wenyewe ulimalizwa mezani: Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300, na Januari 2020 ikasaini makubaliano ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.