Legon: Chuo Kilichomfungulia Mpiga Ngoma Darasa

Mwaka 1933 mwalimu wa muziki aitwaye Ephraim Amu aliachishwa kazi katika chuo cha ualimu cha kanisa huko Akropong, katika koloni lililoitwa wakati huo Gold Coast. Alikuwa amepanda mimbarini kuhubiri akiwa amejitanda nguo ya Kiafrika badala ya suti, na alitaka ngoma na filimbi za mianzi ziingie kanisani. Wakubwa zake hawakuvumilia. Historia ya masomo ya muziki katika Chuo Kikuu cha Ghana haianzii Legon. Inaanzia kwenye nguo ile.

Miaka michache baada ya Amu kuondoka, aliingia chuo kilekile kijana kutoka Mampong ya Waasante, Kwabena Nketia, aliyezaliwa mwaka 1921. Akropong ikamfikisha London mwaka 1944, lakini hakwenda kwa ajili ya muziki: alikwenda kusoma isimu. Ndilo jambo ambalo wengi hulipita haraka, na ndilo lililoamua mengi. Lugha za Kiakan ni za toni. Neno likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana, na ngoma mbili za atumpan, moja ya sauti ya juu na nyingine ya chini, huweza kufuata toni hizo hadi msikilizaji akasikia methali nzima. Sisi wenye Kiswahili kisicho na toni tunahitaji kuelezwa, Mwakan hahitaji. Mtu aliyefunzwa isimu hakuweza kuisikia ngoma kama kelele ya kusindikiza wimbo. Kwake ilikuwa usemi.

Chuo Kikuu chenyewe kilianza mwaka 1948 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kwanza Achimota, kisha kikahamia kilima cha Legon nje kidogo ya Accra. Nketia alipopokelewa kama mtafiti mwaka 1952, mlango aliopitia ulikuwa wa sosholojia, chini ya Kofi Busia, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Kwa miaka kumi alizunguka vijijini na mashine ya kurekodia. Kitabu chake kuhusu nyimbo za maombolezo za Waakan kilitoka mwaka 1955.

Mwaka 1961 chuo kiliachana na London kikawa Chuo Kikuu cha Ghana, na Rais Kwame Nkrumah akataka kiwe na Taasisi ya Taaluma za Afrika. Mwaka uliofuata, ndani ya Taasisi hiyo, ikazaliwa Shule ya Muziki na Maigizo, na pamoja nayo kundi la ngoma la taifa, Ghana Dance Ensemble, chini ya Albert Mawere Opoku. Upepo ulikuwa ukivuma kote: Disemba ya mwaka huohuo, huku kwetu, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Tofauti ni kwamba Ghana iliupeleka utamaduni chuo kikuu, ukatahiniwe.

Jina la Shule lilitaja muziki na maigizo, uchezaji ukawa ndani yake. Wazungu waliotembelea waliona ajabu mambo matatu kufungwa kwenye furushi moja. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu yoyote. Ngoma kwetu ni ala, ni mchezo, na ni shughuli nzima iliyowakusanya watu uwanjani. Ukitaka kuitenganisha itakubidi utafute maneno ya kuazima.

Lakini nani afundishe? Hapo ndipo Legon ilipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko majengo na hotuba zote. Iliajiri mafundi wenyewe. Kutoka kaskazini-magharibi alikuja Kakraba Lobi, mpigaji wa gyil, marimba yenye mbao kumi na nne na vibuyu chini yake. Kila kibuyu hutobolewa, na tundu hufunikwa kwa utando wa mayai ya buibui ili sauti ivume. Alifundisha pale kwa zaidi ya miaka ishirini. Wapigaji wa Kiewe walifundisha kengele pacha ya chuma, gankogui, ambayo mgeni huidhani ala ndogo ya watoto. Mapigo yake saba hugawanywa bila usawa ndani ya vipimo kumi na viwili, yakirudi na kurudi, na ngoma zote hujipanga juu yake. Mwenye kengele akiteleza, wote wamepotea. Nketia ndiye aliyeupa mpangilio huu jina la kitaaluma, mstari wa wakati, na leo wanafunzi wa muziki duniani kote hulitumia.

Naye Amu? Aliitwa Legon mwaka 1962, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, akafundisha filimbi ileile ya mwanzi, atenteben. Baadaye Benki ya Ghana iliweka sura yake kwenye noti ya sedi 20,000.

Isidhaniwe kila kitu kilinyooka. Wanafunzi walisoma pia nota na kanuni za upatanifu wa sauti za Ulaya, na mafundi wa ala, pamoja na heshima yote waliyopewa, hawakuhesabiwa sawa na wahadhiri. Cheo kilifuata cheti. Mwalimu aliyejua midundo ambayo profesa aliijia na daftari aliendelea kukaa ngazi ya chini ya profesa huyo. Kasoro hiyo Legon haikuitatua, na sijasikia chuo kikuu kilichoitatua.

Nkrumah alipinduliwa Februari 1966. Taasisi, iliyokuwa mikononi mwa Nketia tangu mwaka 1965, ilinusurika, na mwaka 1974 ilimtunuku udaktari Mnigeria Akin Euba, mtunzi mkubwa wa piano ya Kiafrika. Mwaka huohuo kilitoka kitabu cha Nketia kuhusu muziki wa Afrika, kilichosomeshwa vyuoni kwa miongo. Wakati huo mwandishi wake alikuwa tayari akigawa muda wake na Los Angeles, na kuanzia 1983 akawa Pittsburgh. Ghana ya miaka hiyo ilikuwa na njaa, na wahadhiri wengi walikimbilia Nigeria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la ngoma liligawanyika: sehemu ikahamia Ukumbi mpya wa Taifa mjini Accra, sehemu ikabaki chuoni. Ukumbi huo ulijengwa palipokuwa na jukwaa la maigizo la mwandishi wa tamthilia Efua Sutherland, na mfano wa jukwaa lile ukajengwa upya Legon. Shule yenyewe ikaja kuitwa Shule ya Sanaa za Maonyesho, yenye idara tatu: muziki, ngoma na maigizo. Hatimaye utengano ule ukawa kwenye karatasi, ingawa kiwanja cha mazoezi hakiujui.

Nketia alirudi nyumbani na kufanya kazi hadi uzeeni. Alifariki tarehe 13 Machi 2019. Rekodi zilizoanzia kwenye safari zake za miaka ya 1950, zaidi ya saa 300, zimetunzwa katika Taasisi, kwenye hifadhi yenye jina lake.