Mwanamke Aliyeoa Mke

Longisa, nchini Kenya, iko kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, katika nchi ya Wakipsigis. Hapa, kama ilivyo kwa ndugu zao Wanandi, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kuoa.

KWA NINI?
Chanzo kilikuwa mali. Katika boma la mitala, kila mke alikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, na warithi walikuwa wanawe wa kiume. Nyumba ikikosa mwana, mifugo yake iliangukia wana wa wake wenza au jamaa za mume.

ILIVYOFANYIKA
Mama huyo, kwa kawaida aliyepita umri wa kuzaa, alimposa msichana na kutoa mahari ya ng'ombe. Tangu hapo alihesabiwa mume. Hawakuwa wapenzi. Mke alizaa na mwanamume mwingine, ambaye hakuwa na dai juu ya watoto. Baba yao kisheria alikuwa yule mama, nao walirithi nyumba yake.

LEO
Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawapa mabinti haki sawa ya kurithi na wana wa kiume. Hata hivyo, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii ya Kinandi katika kesi ya mirathi.

Desturi ilimpa mwanamke mamlaka kwa sharti kwamba ahesabiwe mwanamume. Mwaka 2017, bila sharti hilo, wapiga kura wa Bomet walimchagua Joyce Laboso, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini Kenya.