Baiti 64 za mwaka 1983: historia fupi ya kugawa diski kwa skripti

Leo tuzungumzie kazi inayochukua sekunde mbili tu, lakini ikiharibika humtoa mtu machozi: kugawa diski ngumu kwa skripti. Vipande vya diski mafundi huviita patisheni, nami nitaviita hivyo hivyo. Amri zenyewe wengi tunazijua. Ambacho wachache tunakijua ni kwa nini ziko jinsi zilivyo. Asiyejua historia hii atachukua skripti ya zamani aiendeshe kwenye mashine mpya, na hapo ndipo kilio huanza.

Twende Marekani, Machi 1983. IBM ilitangaza kompyuta ya PC XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Diski hiyo ilikuwa na silinda 306, vichwa 4 vya kusomea, na sekta 17 katika kila mduara. Zidisha hizo zote, kisha uzidishe kwa baiti 512 za kila sekta, utapata baiti 10,653,696. Picha tatu nne za simu ya leo zingeijaza.

Pamoja na mashine hiyo ilitoka DOS 2.0, na ndani yake programu iitwayo fdisk. Swali lililokuwepo ni hili: mwenye kompyuta akitaka kuweka DOS na mfumo endeshi mwingine, tuseme Xenix, kwenye diski moja, itajulikanaje nani anamiliki wapi? Jibu likawa jedwali dogo katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Katika baiti 512 za sekta hiyo, 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila patisheni inachukua baiti 16 za jedwali. Gawa 64 kwa 16 upate 4. Ndiyo maana, miaka mingi baadaye, watu waliendelea kuambiwa kwamba patisheni za msingi haziwezi kuzidi nne.

Diski zikakua, na DOS ya wakati huo ikashindwa kuvuka megabaiti 32 kwa patisheni moja, kwa sababu ilihesabu sekta kwa namba ya biti 16. Mwaka 1987, DOS 3.3 ikaleta patisheni ya kubebea nyingine ndani yake, kama kikapu chenye vikapu vidogo. Jedwali la 1983 halikuvunjwa. Liliongezewa kibanda nyuma ya nyumba.

Sasa tuje kwenye skripti. Fdisk hufanya kazi kama karani wa dirishani. Inauliza: unataka patisheni ya aina gani? Ianze wapi? Iishie wapi? Wewe unajibu moja moja. Linux ilipoanza mwaka 1991 nayo ikapata fdisk yake, ya maswali vile vile. Kwa kompyuta moja hakuna tabu. Kwa maabara yenye kompyuta 30, vidole vinachoka na macho yanaanza kudanganya. Watu wakabuni njia ya mkato: wanaandika majibu yote kwenye faili, kisha wanaimwagia fdisk kwa mkupuo. Ubaya wake ni kwamba toleo jipya likiongeza swali moja katikati, majibu yote yanayofuata yanahama nafasi.

Mwaka 1995 Andries Brouwer, mwanahisabati wa Uholanzi, akaandika sfdisk. Hii haiulizi. Unaipa maelezo ya diski unayoitaka, mstari mmoja kwa kila patisheni, nayo inatekeleza. Upande wa Windows, XP ilikuja mwaka 2001 na diskpart, ambayo ukiipa faili la amri kwa diskpart /s inafanya kazi hiyo hiyo. Faida ni kubwa. Lakini tumbuke pia tulichokiacha: kila swali la yule karani lilikuwa nafasi ya kusita. Skripti haina nafasi hiyo.

Nitoe mfano. Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa skripti na mtu aliyekuwa anaacha kazi. Ilikuwa na tarehe ya 2006. Mashine iliyoingoja ilikuwa na diski mbili: moja mpya kabisa, na nyingine yenye hesabu za miaka sita za chama cha akiba. Niliisoma kabla ya kuiendesha, na mistari miwili ikanisimamisha.

Wa kwanza ulikuwa huu:

,100,L

Mwaka 2006, sfdisk iliisoma ile 100 kuwa silinda 100. Kwa mahesabu ya siku zile, silinda moja ilikuwa vichwa 255 mara sekta 63, yaani baiti 8,225,280. Kwa hiyo mwandishi alitaka patisheni ya megabaiti 822 hivi. Lakini tangu util-linux 2.26 ya mwaka 2015, sfdisk imeachana na silinda, inahesabu sekta. Leo mstari ule ule, herufi zile zile, unaomba patisheni ya baiti 51,200.

Wa pili ulitaja /dev/hda. Jina hilo lilikuwa la diski za IDE za zamani. Kwenye Linux ya sasa diski kama hizo zinaitwa sda, sdb na kuendelea, na mpangilio wa herufi unaweza kubadilika ukiwasha mashine upya. Mtu mwenye haraka angebadilisha hda iwe sda, abonyeze kitufe, na siku hiyo sda ndiyo ilikuwa diski ya chama.

Si hayo tu yaliyobadilika. Zamani patisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63, kwa kuwa mduara wa kwanza uliachiwa jedwali. Windows Vista ikahamia sekta ya 2048, yaani mebibaiti 1 kamili. Diski zenye sekta za baiti 4096 ziliposambaa, ikaonekana kwa nini: 63 haigawanyiki kwa 8, hivyo uandishi mmoja hugusa sekta mbili na diski hupunguza kasi. Halafu namba za biti 32 za jedwali la 1983 zikaishia terabaiti 2.2. GPT, iliyotokana na kazi ya Intel, ikachukua nafasi, ikiwa na nafasi 128 kwa kawaida na nakala ya jedwali mwishoni mwa diski. Hata hivyo, katika sekta ya kwanza ya diski ya GPT bado kuna jedwali la 1983, limewekwa kama mlinzi, ili programu za zamani zisidhani diski ni tupu.

Basi ukiandika skripti yako, iandikie mtu atakayeikuta baada ya miaka kumi. Taja vipimo kwa majina, kwa mfano size=800MiB. Ita diski kwa jina lake lililo ndani ya /dev/disk/by-id/, ambalo kwa kawaida lina namba yake ya kiwandani. Jaribu kwanza kwa --no-act. Na kabla ya yote, hifadhi jedwali lililopo, kwenye diski nyingine:

sfdisk -d /dev/sdb > jedwali.txt

Faili hilo ni la mistari michache tu, lakini ni ramani. Ukifuta ramani nyumba bado zipo, na kama hujajenga juu yake, utairudisha. Diski ya chama ilibaki salama. Skripti ya 2006 niliiandika upya, na juu yake nikaweka tarehe na toleo la sfdisk nililolitumia.