Tiketi Hugawanywa Mezani

Bingwa wa soka wa shule za sekondari za Nairobi anatoka katika kaunti moja tu. Akishashinda nyumbani, amefika mashindano ya kitaifa. Shule ya Kitui au Makueni ikitwaa ubingwa wa kaunti yake ndipo kazi inaanza. Inaingia mkoani kukutana na Machakos, Embu, Tharaka Nithi, Meru, Isiolo na Marsabit, kaunti nane zikigombea kwa desturi tiketi moja ya Mashariki. Wanaofanya vyema kitaifa huiwakilisha Kenya kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, iliyochezwa Mbale, Uganda, mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Ukiuliza kwa nini Makueni, inayopakana na Tsavo, na Marsabit, inayopakana na Ethiopia, zihesabiwe kuwa jirani, hutapata jibu la kisoka.

Jibu limo katika siasa za uhuru. Mwaka 1962 tume ya mipaka ilizunguka nchini ikiwauliza watu wangependa kuishi mkoa mmoja na nani, na mwaka uliofuata Mkoa wa Mashariki ukazaliwa. Katiba ya 2010 iliwaweka Wakenya katika kaunti 47, lakini michezo ya shule ikabaki na mikoa minane ya zamani: Nairobi kaunti moja, Kaskazini Mashariki tatu, Magharibi nne, Bonde la Ufa kumi na nne. Ndani ya Ukambani penyewe kalamu imepita zaidi ya mara moja. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, ikapata njia yake yenyewe ya kwenda mkoani. Mwingi nayo iliwahi kuwa wilaya katika miaka ya 1990, kisha ikarudishwa Kitui. Leo kijana wa Mwingi lazima kwanza awamalize wa Kitui mjini, jambo ambalo kaka zake hawakulazimika kulifanya.

Mashindano ya kwanza ya soka ya Afrika Mashariki hayakuwa na taabu hiyo ya mchujo. Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda tu. Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Zanzibar 1949. Timu nne hazihitaji mchujo. Swali la nani afuzu na nani abaki huja pale wanaotaka kuingia wanapokuwa wengi kuliko viti, na kwa Afrika siku hiyo ilifika kwa kishindo katika maandalizi ya Kombe la Dunia la 1966.

FIFA iligawa nafasi 16 hivi: Ulaya 10, Amerika Kusini 4, Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi 1, kisha Afrika, Asia na Oceania zigawane moja iliyosalia. Hata nchi ya Kiafrika ikizishinda zote barani, ingelazimika kucheza tena na mshindi wa Asia na Oceania. Ohene Djan wa Ghana na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia waliongoza upinzani, na nchi 15 za Afrika zikajitoa. Palikuwa pia na suala la Afrika Kusini ya ubaguzi, ambayo FIFA chini ya Stanley Rous ilikuwa imeirudishia uanachama mwaka 1963. Hoja ya Ulaya ilikuwa kwamba Afrika bado changa, ikue kwanza. Hoja ya Afrika ilikuwa kwamba hakuna anayekua akiwa nje ya uwanja. Korea Kaskazini ikaichukua nafasi hiyo moja, ikaenda Uingereza, ikaifunga Italia 1-0.

Mgomo ulizaa matunda. Mwaka 1970 Afrika ilipata tiketi yake yenyewe, na Morocco ikaitumia. Mwaka 1974 Zaire ilichapwa 9-0 na Yugoslavia, na bila shaka wapo waliosema tuliwaambia. Lakini 1978 Tunisia iliifunga Mexico 3-1, na 1982 nafasi zikawa mbili. Mwaka huo huo Algeria ikaiangusha Ujerumani Magharibi 2-1. Cameroon ilifika robo fainali 1990, zikawa tatu mwaka 1994, tano mwaka 1998, na kwa 2026 zimefika tisa. Tazama mpangilio huo: nafasi ilitangulia, nguvu ikafuata. Kama kigezo kingekuwa matokeo ya 1974 peke yake, tiketi ile moja ingenyang'anywa siku hiyohiyo.

Ndani ya Afrika nako mlango ulikuwa mwembamba. Kuanzia 1968 hadi 1990 Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu nane, na mwenyeji na bingwa mtetezi wakiingia bila jasho, bara zima liligombea sita. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilipenya mwaka 1972, 1988 na 1990, kisha 1992 na 2004, halafu ikakaa miaka 15 bila kuonekana. Ilirudi mwaka 2019 nchini Misri, mashindano yalipopanuliwa hadi timu 24, na baada ya shirikisho la soka la Afrika, CAF, kufuta mechi za Sierra Leone, iliyokuwa imefungiwa na FIFA, kundi likabaki na timu tatu. Kenya iliifunga Ghana Kasarani mwaka 2018, kwa hiyo sisemi ilibebwa. Nasema tu kwamba karatasi ilisaidia.

Karatasi hiyohiyo imetuumiza pia. Mwaka 2018 Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, ilitolewa na Equatorial Guinea katika mchujo wa Kombe la Afrika la wanawake. Kenya ikalalamika kwamba wapinzani walitumia mchezaji asiyestahili, CAF ikakubali na kuwapa Starlets nafasi. Wasichana wakafanya mazoezi. Siku chache kabla ya mashindano ya Ghana, kamati ya rufaa ya CAF ikairejesha Equatorial Guinea, na Starlets wakabaki nyumbani. Rufaa ni haki, lakini rufaa inayoamuliwa mashabiki wakiwa wameshanunua jezi ni adhabu kwa asiyekosa.

Kuna sheria nyingine isiyoandikwa kama sheria ya kufuzu: uwanja. Mwezi Juni 2024 Kenya ilicheza mechi zake mbili za "nyumbani" za mchujo wa Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, mjini Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hapakuwa na uwanja wa Kenya ulioidhinishwa. Zikaisha 1-1 na 0-0. Kwa mtu wa mji wa Wote, Makueni, au wa Kitui, kusafiri ili kucheza nyumbani si habari mpya. Ndiyo maisha ya timu ya mkoa wa kaunti nane.

Na mwenyeji? Mchujo wa CHAN 2024, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, uliwatoa vijana wa Kenya mikononi mwa Sudan Kusini, lakini wakacheza mashindano yenyewe Agosti 2025 kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zilizoyaandaa. Mtu wa Juba ana haki ya kununa. Hata hivyo vijana hao waliotolewa wakaifunga Morocco 1-0 Kasarani, Morocco iliyokuja kuwa bingwa, wakaishia robo fainali kwa penalti mbele ya Madagascar.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema, kila mwaka, kwamba Mashariki haistahili tiketi wakati shule za pili na tatu za Magharibi na Nyanza zinaachwa nyumbani zikiwa na nguvu zaidi. Hiyo ni hoja ya Ulaya ya kabla ya Kombe la Dunia la 1966 iliyovaa sare ya shule. Tiketi ya mkoa ibaki. Kinachopaswa kubadilika ni ramani: Kitui, Machakos na Makueni zinatosha kuwa kanda yenye bingwa wake, na FKF, shirikisho la soka la Kenya, kwa mashindano yake, imewahi kuzihesabu pamoja katika tawi la Lower Eastern. Meru, Embu na Tharaka Nithi zingejitenga vilevile, na Isiolo na Marsabit zikapata kanda isiyowalazimu watoto kulala safarini ili wacheze dakika 90. Mashindano ya kitaifa yangekuwa na timu nyingi zaidi, nauli zingepanda, na waandaaji wangelazimika kutafuta siku mbili za ziada katika muhula wa pili.