Insulini ya Binadamu: Historia ya Dawa na Utata wa Jina

Masimulizi ya insulini hupenda kukaa Toronto, ambako Frederick Banting na Charles Best waliitoa katika kongosho la mbwa mwaka 1921. Kilichofuata hutajwa kwa haraka, nacho ndicho kizito zaidi: miaka 60 hivi ya kutegemea viungo vya ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni.

Frederick Sanger wa Cambridge, alipobainisha mpangilio wa asidi amino 51 za insulini katika miaka ya 1950, alifungua njia ya ulinganishi. Insulini ya nguruwe ilionekana kutofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu, mwishoni mwa mnyororo B. Kampuni ya Novo ya Denmark ikaibadili hiyo moja kwa kimeng'enya. Kule California, mwaka 1978, watafiti wa City of Hope na Genentech waliunda jeni kwa kemia, wakazipandikiza katika bakteria, kisha minyororo miwili, iliyozalishwa kila mmoja peke yake, ikaunganishwa maabarani. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1982. Kuiita zao la baiolojia ni kusema nusu ya habari. Mwanzo na mwisho wake ni kemia.

Zote mbili ziliitwa insulini ya binadamu, na hapo ndipo istilahi inapoponza. Kihusishi -a cha Kiswahili hakitenganishi asili na umbo. Mgonjwa aweza kudhani dawa imetolewa katika mwili wa mtu. Mwislamu anayeuliza kuhusu nguruwe hapati jibu katika jina hilo, kwa kuwa limebeba bidhaa mbili zenye chimbuko tofauti.

Insulini detemir, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2004, iliongeza utata. Huzalishwa na hamira, bila asidi amino ya mwisho ya mnyororo B. Kisha hubandikwa kikemia asidi ya mafuta yenye kaboni 14, ambayo huishikiza kwenye albumini ya damu ili itende kazi polepole. Kwa umbo si ya binadamu, wala si ya mnyama yeyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini za jamii hii, zinazotenda kwa muda mrefu, katika orodha ya dawa muhimu. Katika vijikaratasi vya dawa, "insulini iliyorekebishwa" ingeeleweka kuliko "analogi", mradi kiumbe kilichoizalisha nacho kitajwe.