Wimbo wa Mtu Aliye Mbali na Kwao

Kila ifikapo Desemba, redio hutuletea wimbo wa Kiingereza uitwao "White Christmas", yaani Krismasi nyeupe, Krismasi ya theluji. Wengi wetu hatujapata kuishika theluji kwa mikono yetu, lakini wimbo huo tunaujua. Tena ndani yake hamna Bethlehemu, hamna hori, wala hamna Mtoto. Kwa nini basi huugusa moyo? Na tuifuate habari yake.

Aliyeutunga ni Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1888 katika milki ya Urusi. Mwaka 1893 wazazi wake walihamia Marekani, wakakaa katika mitaa ya maskini mjini New York. Baba yake alipofariki, kijana huyo alitoka nyumbani akawa anaimba mitaani na vilabuni ili apate riziki. Hakujua vema kusoma noti za muziki, hata hivyo akawa mtungaji mashuhuri. Akamwoa Ellin Mackay, aliyekuwa Mkatoliki, na hivyo Krismasi, ambayo haikuwa sikukuu ya baba zake, ikaingia nyumbani mwake. Lakini tarehe 25 Desemba 1928, mwana wao mchanga alifariki dunia, hata mwezi hajatimiza. Kwa hiyo siku ambayo majirani walisherehekea, wao waliikumbuka kwa machozi.

Wimbo wenyewe ulikuja miaka zaidi ya kumi baadaye. Hapo mwanzo ulikuwa na beti ya kuuingilia, iliyomweleza mtu aliyeko Kalifonia mwezi wa Desemba. Jua linawaka, nyasi ni za kijani, naye anatamani theluji ya kwao. Beti hiyo siku hizi haiimbwi mara nyingi. Lakini inatufunulia siri: huu si wimbo wa mtu aliye ndani ya theluji. Ni wimbo wa mtu anayeikosa.

Bing Crosby aliuimba redioni siku ya Krismasi mwaka 1941, majuma matatu tu baada ya ndege za Japani kushambulia Pearl Harbor. Tarehe 29 Mei 1942 akautia katika santuri, na mwaka huohuo ukasikika katika filamu ya "Holiday Inn". Askari wa Marekani waliotawanyika ng'ambo wakauomba mara kwa mara katika redio ya jeshi. Santuri zikachapwa nyingi mno hata bamba la asili likachakaa, ikambidi Crosby aurekodi upya mwaka 1947. Wengine wakafuata: The Drifters mwaka 1954, vijana weusi walioupa mwendo wao wenyewe, na Elvis Presley mwaka 1957, ambaye uimbaji wake ulimchukiza sana Berlin. Santuri ya Crosby pekee inakadiriwa kuuzwa nakala milioni 50.

Mwaka 1975, mwishoni mwa Aprili, joto likiwa kali huko Saigon, wimbo huo ulipigwa redioni kama ishara ya siri kwa Wamarekani: wakati wa kuondoka Vietnam umefika. Fikiri, ndugu yangu. Wimbo wa kutamani nyumbani ukawa ndio amri ya kurudi nyumbani.

Basi somo letu ni hili. Sisi hudhani kwamba Krismasi ni ya wenye furaha tu. Mabasi yanajaa, watu wanakwenda kwao, kuku anachinjwa na chapati zinapikwa. Lakini yuko nesi aliye zamuni usiku huo, na mlinzi langoni pa tajiri. Yuko mfungwa. Yuko mama ambaye kiti kimoja mezani pake ni kitupu tangu mwaka jana. Hao wote, ukiwaambia "furahini" halafu ukapita, hukuwasaidia kitu.

Tukumbuke kwamba hata Yosefu na Mariamu hawakuwa kwao usiku ule. Walikuwa safarini, na nafasi ya kulala wageni hawakuipata. Krismasi ya kwanza ilikuwa ya watu walio mbali na nyumbani.

Mwaka huu, ukiusikia wimbo huo redioni, usiuache upite hivihivi. Mtaje moyoni mtu mmoja ambaye hatafika kwao, kisha mpelekee sahani ya chakula, au barua, au uende ukaketi naye.